Msako, kambi au karatasi: njia tatu za kushughulika na wageni wasio na vibali Nairobi

Kila usalama unapotetereka au kazi zinapoadimika Nairobi, swali hurudi: wageni wasio na vibali wafanywe nini? Majibu ya barazani na redioni huwa matatu, na yote Kenya imeshayajaribu. La kwanza ni msako, yaani kamata, shtaki, rudisha kwao. La pili ni kambi: wapelekwe Dadaab au Kakuma. La tatu ni karatasi: waandikishwe, madai yao yapimwe, anayestahili apewe kibali na asiyestahili aambiwe mapema. Hapa tunazipima kwa yanayotokea kituoni, mahakamani na kwenye foleni, maana kwenye hotuba kila njia inapendeza. Sisi tunaegemea karatasi, lakini karatasi nayo ina mashimo yake na hatutayafunika.

Kabla ya kuchagua, mjue unayemzungumzia

Mjadala huharibika pale watu wa aina tano wanapotiwa kapu moja.

Yupo kijana wa Burundi anayezunguka mitaani na njugu na chupa ya kahawa. Alipita mpakani kihalali, akagongewa muhuri wa mgeni, muda ukaisha. Yupo mama wa Kivu anayeishi Kayole, aliyeomba hifadhi na ambaye barua yake ya mwomba hifadhi imepitwa na tarehe. Wapo vijana wa Ethiopia wanaofungiwa nyumba nzima pembezoni mwa jiji wakisubiri lori la kuelekea kusini, hadi Afrika Kusini. Yupo mfanyabiashara wa mbali aliyeingia kama mtalii kisha akafungua duka la jumla. Wa aina yake ndio waliozua kelele katika masoko ya Gikomba na Nyamakima mwezi wa Juni 2019, Wachina saba wakarudishwa kwao. Na yupo mtu aliyezaliwa hapa hapa, mzazi wake kazaliwa hapa hapa, ila hakuna nchi inayomtambua.

Jambo linalosahaulika katika hesabu hii ni Jumuiya ya Afrika Mashariki. Sudan Kusini iliingia mwaka 2016, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo mwaka 2022, Somalia mwaka 2024. Burundi ilikuwamo tayari. Kwa hiyo sehemu kubwa ya wakimbizi na "wageni haramu" wa Nairobi leo ni raia wa nchi wanachama, ambao kwa Itifaki ya Soko la Pamoja iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2010 kimsingi wana haki ya kuja kufanya kazi. Waethiopia, Waeritrea na Wasudan wa Khartoum hawamo. Ukiwa na picha hiyo kichwani, kelele nyingi za "wafukuzwe wote" hupungua uzito zenyewe.

Msako

Kisheria, msako unasimama juu ya Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya mwaka 2011. Shtaka la kawaida ni kuwapo nchini kinyume cha sheria, kifungu cha 53(1)(j), na adhabu iko 53(2): faini isiyozidi shilingi 500,000, au kifungo kisichozidi miaka mitatu, au vyote viwili. Kifungu cha 43 kinampa waziri nguvu ya kutia saini amri ya kumwondoa mtu nchini.

Mambo huenda hivi. Mtu anakamatwa, anaandikwa kwenye kitabu cha matukio kituoni, afisa wa uhamiaji anathibitisha kwamba hana kibali, anapelekwa kortini. Katiba, ibara ya 49, inataka afikishwe huko ndani ya saa 24, au siku ya kwanza ya kazi ikiwa saa hizo zinaangukia wikendi. Ndiyo maana anayekamatwa Ijumaa jioni hulala seli hadi Jumatatu bila sheria yoyote kuvunjwa. Akikiri kosa, hutozwa faini au hufungwa, kisha hutolewa amri ya kumrudisha.

Msako hukwama mahali pa kwanza pa kuchosha: mkalimani. Ibara ya 50 inampa mshtakiwa mkalimani bila malipo. Lakini kundi la watu kumi na wawili likiletwa asubuhi moja, wengine wanaongea Kiamhari, wengine Kioromo, mmoja Kitigrinya, na mkalimani aliyepo anajua Kiamhari tu, kinachofuata ni shtaka kusomwa, mkalimani kunong'ona, watu kutikisa kichwa, na karani kuandika "ni kweli". Ungamo la namna hiyo likifika Mahakama Kuu kwa rufaa huweza kutupwa, na serikali inakuwa imelisha mahabusu kwa miezi bila faida.

Pa pili ni baada ya kifungo. Kumrudisha mtu kwao kunahitaji ubalozi wake ukubali kwamba ni raia wake, utoe hati ya dharura ya kusafiria, na mtu fulani alipe nauli. Vitu hivyo vitatu haviji siku moja. Mfungwa anamaliza miezi yake na anabaki ndani, si kwa sababu ya kosa jipya, bali kwa sababu hakuna tiketi. Kwa majirani wa barabara ni rahisi zaidi, na hapo ndipo kuna kichekesho: anayeshushwa Busia leo anaweza kuwa amerudi Kawangware kabla karandinga lililompeleka halijarudi Nairobi.

Pa tatu ni mtaani. Msako haupimi karatasi, unapima sura na lafudhi. Mwenye barua iliyobakiza wiki moja, asiye na barua kabisa, na Mkenya wa Garissa aliyesahau kitambulisho nyumbani, wote hutoa kitu kidogo kile kile. Kwa hiyo msako mwingi huishia kwenye mifuko ya watu badala ya mahakamani, na hautoi takwimu yoyote ya maana.

Mfano mkubwa ni Operesheni Usalama Watch. Baada ya guruneti za Eastleigh za tarehe 31 Machi 2014, polisi waliingia mitaani mwezi wa Aprili, wakakusanya watu karibu 4,000, wengi wakapelekwa uwanja wa Kasarani kuchujwa, na mamia wakarudishwa Mogadishu kwa ndege. Walikuwamo wakimbizi wenye vitambulisho halali na Wakenya. Mamlaka ya kusimamia polisi, IPOA, iliichunguza operesheni hiyo na kueleza ukiukaji wa haki uliotokea, ikiwemo watu kuzuiliwa kupita saa za katiba. Mpeketoni ilishambuliwa miezi miwili baadaye. Chuo Kikuu cha Garissa mwaka uliofuata, watu 148 wakauawa. Hatusemi msako ndio ulioleta hayo. Tunasema haukuyazuia, na kuyazuia ndiko kulikotajwa kama sababu yake.

Upo msako unaofaa, nao ni mdogo na wa kipelelezi: ule unaomtafuta mwenye nyumba iliyofungia watu na mwenye lori, siyo waliofungiwa. Sheria ya Kupambana na Ulanguzi wa Binadamu ya mwaka 2010 inaanzia kifungo cha miaka 30 au faini ya shilingi milioni 30 kwa mlanguzi, na inasema wazi kwamba mwathiriwa hashtakiwi kwa kuwapo nchini bila kibali. Tatizo ni kwamba kuthibitisha ulanguzi kunataka mashahidi, na mashahidi ndio hao wanaokiri chini ya kifungu cha 53 asubuhi ya pili na kuanza safari ya kurudishwa. Kesi ya dalali inakufa hapo.

Kambi

Hii inaweza kupitwa haraka, kwa sababu inawahusu waomba hifadhi na wakimbizi peke yao. Huwezi kumpeleka fundi wa Uganda au mwenye duka la jumla Kakuma. Hakuna sheria inayokuruhusu. Wanaopendekeza kambi kwa "wageni wote" hawajasoma sheria.

Kwa wanaohusika, historia ni hii. Dadaab ilianza mwaka 1991, Kakuma mwaka 1992. Desemba 2012 serikali ilitangaza kwamba wakimbizi wa mijini waende kambini na uandikishaji mijini usimame. Julai 2013 Mahakama Kuu, katika kesi iliyoongozwa na Kituo cha Sheria, ilifuta agizo hilo. Mwaka uliofuata likaja agizo jingine, na safari hiyo mahakama haikulizuia. Kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba korti imelimaliza suala hili upande wowote. Hata hivyo, mwaka 2015 korti ilitupa kifungu kilichotaka wakimbizi nchini wasizidi 150,000, na Februari 2017 ikazuia Dadaab kufungwa.

Udhaifu wa kambi ni tumbo. Anayekaa huko hatoki bila hati ya kusafiri ndani ya nchi, nayo hutolewa kwa sababu zinazohesabika: matibabu, masomo, usaili wa kuhamishiwa nchi ya tatu na mengine machache. Hawezi kufuata kazi, kwa hiyo anategemea posho. Mwaka 2025 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilipunguza posho hadi chini ya theluthi ya kiwango kamili. Mtu mwenye nguvu zake atafanya nini? Atapanda basi la usiku. Akitoka Kakuma na kufika Nairobi, faili lake limebaki Turkana, zaidi ya kilomita 700, na kitambulisho kikiisha atatakiwa kurudi kulikofunguliwa faili. Wengi hawarudi. Kambi basi inazalisha wasio na karatasi jijini, badala ya kuwapunguza.

Serikali yenyewe inaanza kuiacha njia hii. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2021 na Mpango wa Shirika uliozinduliwa tarehe 28 Machi 2025 vinaelekea kuzigeuza kambi kuwa miji ya kawaida ambamo wenyeji na wakimbizi wanatumia shule na zahanati zile zile. Uganda ilitangulia zamani, ikawapa wakimbizi viwanja vya kulima na ruhusa ya kutembea.

Karatasi

Hapa inabidi kwenda polepole, kwa sababu "kuhalalisha" si dirisha moja. Kuna angalau manne, na kupanga foleni kwenye lisilo lako ndiko kunakopoteza watu wengi.

*Dirisha la hifadhi.* Mwomba hifadhi anatakiwa ajitokeze mwenyewe kwa Kamishna wa Wakimbizi mara anapoingia, au kabla ya siku 30 kupita. Njia aliyoingilia haimfungi: aliyepita porini anaruhusiwa kuomba, na kuingia bila ruhusa hakutakiwi kuwa shtaka wakati ombi linapimwa. Haitozwi ada yoyote, na anayedai pesa ni dalali. Anaandikishwa, anachukuliwa alama za vidole, anapewa barua, kisha anasubiri usaili wa kupima madai yake. Akikubaliwa anapata kitambulisho cha mkimbizi. Akikataliwa ana siku 30 za kukata rufaa.

Kasoro yake ni muda. Usaili huja baada ya miaka, siyo miezi, na kusubiri huko kunaumiza pande zote mbili. Mwenye haki anakaa na barua inayokwisha na kuhuishwa, ambayo mwenye nyumba na wakala wa M-Pesa wanaitazama kwa shaka. Asiye na haki anapata miaka ya bure kwa dai la uongo. Ukitaka kuziba mwanya wa wadanganyifu, ongeza wasaili. Polisi hawawezi kufanya kazi hiyo.

*Dirisha la Jumuiya.* Kwa mujibu wa kanuni za Itifaki, mfanyakazi mwenye mkataba wa zaidi ya siku 90 anaomba kibali ndani ya siku 15 za kazi tangu mkataba kutiwa saini, na mamlaka inatakiwa kujibu ndani ya siku 30. Sheria ya Wakimbizi ya 2021 inamruhusu pia mkimbizi kutoka nchi mwanachama aache hadhi ya ukimbizi na kuchukua haki za Jumuiya. Ni mlango mzuri, ila aufikirie mara mbili: akiuingia anahitaji pasipoti ya serikali ile ile aliyoikimbia, na ulinzi wa kutorudishwa kwa nguvu anauacha nyuma. Kwa aliyekimbia njaa na ukosefu wa kazi, unafaa. Kwa aliyekimbia jeshi lake, hapana.

Muuza njugu wa Burundi hakwami kwa sheria bali kwa mkataba. Hana mwajiri wa kumwandikia barua, na fomu imejengwa kwa mtu mwenye mwajiri. Rais Uhuru Kenyatta alitangaza Novemba 2017 kwamba mwana Afrika Mashariki atakuja kufanya kazi na biashara Kenya kwa kitambulisho chake tu. Tamko lilipigiwa makofi. Kaunta haikubadilika kiasi hicho.

*Dirisha la vibali vya kawaida.* Daraja D ni la kuajiriwa, na mwajiri lazima aonyeshe kwamba ujuzi huo haupatikani kirahisi hapa. Daraja G ni la biashara na linataka mtaji wa dola 100,000 za Kimarekani, kiasi ambacho kinamwacha nje karibu kila mchuuzi. Daraja M ni la wakimbizi, halina ada, lakini linataka barua ya mwajiri na barua ya mapendekezo kutoka Idara ya Huduma za Wakimbizi. Mwajiri anayehitaji mpishi wiki hii hasubiri barua mbili. Anamwajiri kimyakimya au anamwacha.

*Dirisha la wasio na utaifa.* Wamakonde walitembea kutoka Kwale hadi Nairobi Oktoba 2016 ndipo wakasikilizwa. Washona, ambao wazee wao walikuja kutoka Zimbabwe kuhubiri na watoto wao wamezaliwa Kiambu na Nairobi, walitangaziwa uraia siku ya Jamhuri 2020. Wapemba wa Pwani walifuata Julai 2023. Sheria ya 2011 iliwapa watu wa aina hii miaka mitano kuomba, ikaongezwa mitatu, ikafika Agosti 2019. Kumfukuza mtu wa kundi hili haiwezekani hata ukitaka, kwa sababu hakuna ubalozi utakaompokea.

Hoja nzito dhidi ya karatasi ni kwamba ukihalalisha hawa, watakuja wengine. Si hoja ya kijinga. Marekani mwaka 1986 ilihalalisha watu wapatao milioni 2.7, na baadaye idadi ya wasio na vibali ikapanda tena, kwa sababu waajiri hawakubanwa sawasawa na njia halali za kuja kazini hazikupanuliwa. Tanzania mwaka 2014 iliwapa uraia Warundi wapatao 162,000 waliokimbia mwaka 1972, na kilichosaidia ni kwamba kundi lilijulikana: walioingia wakati fulani, wanaoishi makazi fulani, walioandikishwa. Kwa hiyo uhalalishaji ukipendekezwa Nairobi, uliza tarehe ya kikomo cha kuingia nchini na uliza mwajiri atakaguliwa na nani. Visipokuwepo hivyo viwili, wapinzani wana haki ya kulalamika.

Kosa jingine la kukwepa lilionekana mwaka 2018. Mei mwaka huo Wizara ya Mambo ya Ndani ilitoa siku 60 wageni wapeleke vibali vyao ofisi za uhamiaji za Nyayo House vikahakikiwe, kisha msako ufuate. Wenye vibali walipanga foleni ndefu. Asiye na kibali hakuwekewa dirisha la kuanza upya, kwa hiyo akafanya kilicho rahisi: akajificha zaidi.

Bega kwa bega

| | Msako | Kambi | Karatasi |
|---|---|---|---|
| Anayeguswa | Yeyote anayefanana na mgeni | Mkimbizi na mwomba hifadhi tu | Kila kundi, kwa dirisha lake |
| Gharama kubwa | Mahabusu, mkalimani, nauli | Posho ya kila mwezi | Wasaili na makarani |
| Matokeo huonekana | Siku ile ile, kwenye habari | Baada ya miezi | Baada ya mwaka au zaidi |
| Inapovuja | Rushwa na kurudi kwa barabara | Watu kutoroka njaa | Ucheleweshaji na madalali |
| Inachomwambia mpelelezi | Karibu hakuna | Nani yuko kambini | Jina, vidole, simu, anakoishi |

Mstari wa mwisho wa jedwali ndio tunaouona mzito kuliko yote, na ndio unaotajwa mara chache. Mtu wa usalama anayetaka kujua nani anaishi Eastleigh anahitaji daftari, na msako unawafanya watu wakimbie daftari.

Karatasi nazo si ngao kamili. Oktoba 2024 raia wanne wa Uturuki waliokuwa wakimbizi walikamatwa Nairobi na kurudishwa kwao, na serikali ya Kenya ilikiri kuwarudisha. Karatasi inalinda kadiri aliyeitoa anavyoiheshimu.

Ukitakiwa kuchagua

Kwa muuza njugu na yaya wa Uganda: dirisha la Jumuiya, na fomu irekebishwe ikubali aliyejiajiri. Kwa mama wa Kayole: barua ihuishwe na usaili uletwe mbele. Kwa waliofungiwa ndani wakielekea kusini: wapelelezi kwa dalali, makazi salama kwa waliofungiwa hadi watoe ushahidi, kisha safari ya hiari ya kurudi kwao, ambayo Shirika la Kimataifa la Uhamiaji huisaidia. Kwa mwenye duka la jumla aliyeingia kama mtalii: sheria ifuate mkondo wake, faini na kuondoka, kwa maana njia halali ilikuwepo, uwezo wa kuifuata alikuwa nao, na hakuifuata.

Mwakilishi akikujia na msako, mwulize maswali matatu: saa 24 zikiisha watawekwa wapi, nani atatafsiri, na nauli iko kwenye bajeti ya nani. Akikujia na karatasi, mwulize jibu litatoka baada ya siku ngapi na aliyekataliwa atafanywa nini. Hilo la mwisho ndilo wapenda karatasi hulikwepa. Mfumo usioweza kusema "hapana" na kuitekeleza hauwezi kudumu, na "hapana" ya haki ina masharti yake: itoke mapema, iandikwe kwa sababu, na ionyeshe tarehe ambapo zile siku 30 za rufaa zinaanza kuhesabiwa. Tena iandikwe kwa lugha anayoisoma mhusika. Kirundi, Kisomali, Kiamhari na Kioromo zinatosha kuanzia. Kwa Wakongo wengi wa mashariki, Kiswahili.